Rika Moja, Uzee Tofauti

Mada iliyotolewa na Kamati ya Afya na Ustawi wa Wazee kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama



Tumepewa dakika 20 za kuzungumzia wazee kabla chakula hakijaletwa. Tunajua mada hii haichangamshi harambee kama madawati. Dawati ukilichangia unalipiga picha, na mwakani unalikuta palepale. Mzee ukimtibu leo, baada ya miezi 3 dawa zimekwisha na simu inaita tena. Ndiyo maana jambo la wazee huwekwa mwisho wa ratiba, na tunakumbuka mwaka mmoja ratiba ilikatwa kabla halijafikiwa. Tunashukuru safari hii tumesogezwa juu.

Tuanze na rika. Kwetu Mara, kwa Wakurya, Wazanaki, Wangoreme, Waikoma na wengineo, watu wa rika moja ni ndugu. Waliotahiriwa pamoja waliitana kwa jina la rika lao mpaka uzeeni. Mwenye ng'ombe 100 na mwenye ng'ombe 3 walikaa safu moja kwenye pombe, na kijana aliyewapita bila kuwaamkia aliwakosea wote wawili sawasawa. Tumekua tukiamini kwamba uzee ni wa wote: ukifika, unaheshimiwa, unaketishwa kwenye kiti.

Likizo iliyopita wajumbe wa kamati tulizunguka nyumbani, nasi tulikwenda na imani hiyo. Turuhusuni tuwaeleze wazee watatu tuliowakuta. Majina tunayaacha kwa heshima yao. Wote watatu wana miaka sabini na kidogo, wamepishana kwa mwaka mmoja au miwili tu.

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, mjini Musoma. Presha aligundulika nayo akiwa bado kazini, na tangu wakati huo anameza kidonge kila asubuhi baada ya chai. Ana kadi ya bima ya taifa, NHIF, yeye na mkewe, kwa sababu mtumishi aliyechangia akistaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Pensheni yake inaingia benki kila mwezi. Ni ndogo, na alitulalamikia kikokotoo kwa nusu saa nzima (humu ukumbini wapo wanaoujua wimbo huo), lakini inaingia. Ana miwani miwili, wa kusomea na wa kutembelea.

Wa pili ni mkulima wa pamba, Bunda. Amelima pamba tangu ujana wake, akipuliza dawa kwa bomba la mgongoni bila kitambaa puani. Mwili wake ni mkavu, na mpaka juzijuzi alikuwa akitembea kwa miguu kwenda mnadani na kurudi. Presha alipimwa kwa mara ya kwanza maishani mwake siku aliyofikishwa hospitali mdomo umepinda na mkono wa kulia haunyanyuki. Sasa analala chumba cha nyuma, na mkewe, ambaye naye ni mzee, ndiye anayemgeuza.

Wa tatu ni bibi mjane, kijiji kimoja cha Butiama. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Kwa miaka 3 alikuwa akiongozwa na mjukuu anayeshika ncha ya fimbo. Sasa sikilizeni hapa. Hospitali ilikuwepo. Daktari wa macho alikuwepo. Yeye kama mzee alikuwa na haki ya kutibiwa bila malipo, na karatasi ya mtendaji wa kijiji alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya khanga. Kilichokosekana ni nauli ya kwenda na kurudi, na mtu mzima wa kumsindikiza na kulala naye wodini. Miaka 3 ya giza kwa sababu hiyo.

Hao ni rika moja. Tulirudi tukijiuliza tofauti hii ilianzia wapi. Jibu la haraka ni kusema ilianzia hospitali, kwamba huyu alitibiwa na yule hakutibiwa. Tulipoendelea kuwauliza wazee habari za maisha yao tukaona imeanza zamani sana, wengine kabla hawajaota ndevu.

Chukueni mfano wa mtu tunayemfahamu sote. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Alichunga mifugo kama watoto wenzake mpaka alipofika miaka 12, ndipo mwaka 1934 akapelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kwa saratani ya damu, alikuwa na miaka 77 na alikuwa akitibiwa London. Hatusemi hili kwa kijicho. Taifa zima lilitaka apone. Tunachosema ni kwamba siku ile mtoto mmoja anaposhushwa kutoka kwenye kundi la mbuzi na kupelekwa darasani, na wenzake wakabaki na fimbo zao, njia za uzee wao zimekwisha kuachana, na hakuna hata mmoja wao anayejua. Mwalimu mwenyewe alilijua hilo baadaye. Zahanati nyingi za vijijini tulizozaliwa nazo jirani zilijengwa katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, na matibabu yalikuwa bure. Uchangiaji wa gharama ulianza kurudi hospitalini mwaka 1993. Wazee wetu wa leo wakati huo walikuwa na miaka arobaini na kitu, umri ule ule ambao presha na sukari huanza kimyakimya, na ndipo wengi walipoacha kwenda hospitali mpaka wazidiwe.

Mfano mwingine ni mchungu zaidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime ya wakati huo, watu walianza kupooza miguu ghafla. Wataalamu waliufuatilia ugonjwa wakautambua kuwa ni konzo. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu uliokosa muda wa kutosha wa kulowekwa na kukaushwa, ukaliwa mfululizo pasipo kitoweo cha maana, kwa kuwa njaa haikusubiri. Walioathirika zaidi walikuwa watoto na akina mama wa umri wa kuzaa, na miguu iliyopoozwa na konzo hairudi. Mama aliyekuwa na miaka 30 wakati ule leo ni bibi, na anatembelea fimbo zake mbili. Nyumba yenye samaki, maziwa au fedha ya kununua unga wa mahindi haikuupata. Kwa hiyo mnapomwona mzee analemaa msiseme tu kwamba ni uzee. Pengine ni chakula cha mwaka mmoja wa shida, miaka 40 iliyopita.

Na kazi nayo. Ufukweni tulikaa na wavuvi wazee. Mnajua kule ziwani mwenye mtumbwi, injini na nyavu anaitwa tajiri, hata kama mtumbwi ni huo huo mmoja. Neno lenyewe limeshagawa watu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, wanapigwa na baridi na maji mpaka alfajiri, na kulipwa kunategemea kilichovuliwa baada ya tajiri kutoa gharama zake. Hakuna mkataba, hakuna mchango NSSF, hakuna hata karatasi yenye jina. Siku mgongo unapokataa, unashuka mtumbwini na hesabu yako imeishia hapo. Tajiri wa umri wao anakwenda Bugando kupigwa picha ya mgongo. Mvuvi wake anakandwa maji ya moto nyumbani.

Wapo pia walioshuka ngazi wakiwa wameshapanda. Musoma ina wazee waliofanya kazi bandarini na kwenye meli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 walibaki wakidai mafao yao miaka na miaka, mpaka makubaliano ya kuwalipa yalipofikiwa mwaka 2005, wakati wengine walikwisha kutangulia mbele ya haki. Wapo waliokuwa kiwanda cha nguo cha Mutex, wenye vitambulisho vya kazi wanavyovitunza mpaka leo ndani ya Biblia. Kiwanda kiliposimama, mtu aliyezoea kulipwa tarehe za mwisho wa mwezi alirudi kulima bustani. Mmoja alituambia kilichomuumiza zaidi ya fedha ni watu kuacha kumwita fundi.

Neno hilo la huyu fundi linatupeleka mbali kidogo, mtuvumilie. Kuanzia mwaka 1967 huko Uingereza watafiti waliwafuatilia watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000 wa jijini London. Kazi hiyo imeelezwa sana na daktari mmoja, Michael Marmot. Watumishi wote hao walikuwa na ajira, mshahara wa uhakika na matibabu ya bure ya serikali. Hakuna aliyekuwa na njaa. Hata hivyo matarishi na mabawabu walikufa kwa magonjwa ya moyo mara 3 au zaidi kuliko wakubwa wa ofisi, na katikati yao ilikuwa ngazi kwa ngazi, kila aliye chini kidogo akifa mapema kidogo. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti. Ikaonekana kwamba kuamrishwa kila siku bila kuwa na kauli juu ya kazi yako kunaula mwili. Na tofauti iliwafuata hata baada ya kustaafu. Kama kwao wenye kila kitu iko hivyo, kwetu ambako tarishi hana hata kidonge itakuwaje?

Tuwe wakweli lakini. Si kila kitu kinamwelemea maskini. Yule mkulima wetu wa Bunda, kabla ya kiharusi, miguu yake ilikuwa imara kuliko ya mwalimu mstaafu, na kuliko ya wengi humu tuliovimba matumbo kwa nyama choma na bia. Sukari na uzito vinatutesa sisi wa mjini mapema. Ila mwenye cheo anaugua mapema na anajulikana mapema, anaishi na ugonjwa wake miaka 20 akiulalamikia. Kijijini mtu anaonekana mzima mpaka siku ya kuanguka. Msemo kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri umetuulia wazee wengi.

Akina mama tuwatenge kidogo, maana hali yao ni ya peke yake. Bibi zetu wamepikia maisha yao yote kuni mbichi, mabua, hata kinyesi cha ng'ombe palipokosekana miti, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Macho yakawa mekundu, kifua kikabana. Na upande huu wetu wa ziwa mnajua ni maneno gani husemwa juu ya bibi kizee maskini mwenye macho mekundu, hasa akiwa mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea. Mke wa mstaafu anapikia gesi. Macho yake meupe, na hakuna anayemnong'ona. Moshi ule ule uliomwumiza mmoja ndio umemfanya ashukiwe. Hilo tusilipite kwa haraka, wana-Mara.

Mila zetu zililiona tatizo la mwanamke kuzeeka peke yake. Kwa Wakurya kuna nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anamwoa binti kwa mahari, watoto watakaozaliwa wanakuwa wake, nyumba inapata watu wa kumchotea maji na kumuuguza. Ina maswali yake, hasa juu ya hao mabinti na nani aliwauliza, na siku nyingine tutayajadili. Lakini angalieni sharti lake: lazima uwe na ng'ombe. Mjane asiye na ng'ombe hata mila ilimpita mlangoni.

Serikali nayo imetamka. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilisema wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Hospitalini mnaona dirisha la wazee. CHF ilipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Wenzetu Zanzibar tangu Aprili 2016 wanampa kila mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni jamii, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza alikuwa nani. Bara hatujafika hapo. Na Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo wengi wetu tulikua tukiiona gofu, leo inatibu watu. Hatusemi hakuna kilichofanyika.

Ila kati ya tangazo na mzee pana bonde. Katika kituo kimoja tulimkuta mzee amepita dirisha la wazee, amemwona daktari bila kulipa, ametoka na karatasi ya dawa kwa sababu dirisha la dawa lilikuwa tupu. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara, nalo halina dirisha la wazee. Aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaanza safari ya kurudi.

Sasa tunafika mahali ambapo kamati ilibishana kama tuseme au tunyamaze. Tukaamua tuseme. Tofauti kubwa kuliko zote tuliyoiona baina ya mzee na mzee ni sisi tulioketi humu.

Kijiji kimoja, nyumba mbili zinatazamana. Mzee wa nyumba hii ana mtoto Dar es Salaam: akikohoa, picha ya kikohozi iko kwenye kundi la simu la ukoo, na jioni fedha imetumwa. Mzee wa nyumba ile watoto wake wako palepale, wanalima vipande vya shamba, au wamefariki na kumwachia wajukuu. Wakati mwingine ni rika moja. Sisi ndio bima ya wazazi wetu, na jambo hilo ni jema, Mungu atuzidishie. Lakini kila mmoja akimtumia wa kwake, basi chama chetu kinafuata mgawanyo ule ule ulioanza siku ya kupelekwa shule. Aliyesomesha anatibiwa. Aliyekosa ada ya kusomesha anakufa na jicho lake.

Tulifungua daftari la mhazini pia, kwa idhini yake. Ukurasa wa rambirambi umejaa mpaka pembeni: basi la msiba, turubai, jeneza, ng'ombe wa matanga. Ukurasa wa matibabu una mistari michache, na yote ni ya wanachama au wazazi wao. Kuna mzee tuliyemchangia jeneza zuri sana, wengine mlikuwepo, na tulipouliza tukaambiwa alikosa dawa za presha kwa miezi kadhaa kabla ya kuanguka. Gharama ya maua peke yake ingemtosha. Hatumlaumu mtu, maana sisi wenyewe tulichanga na tukapanda lile basi.

Kwa hiyo maombi yetu leo si ya kujenga jengo. Tunaomba mfuko wa mambo manne madogo: nauli ya mzee pamoja na posho ya msindikizaji, dawa za presha na sukari pale dirisha linapokuwa tupu, mashine za kupimia presha zitakazotembezwa na wahudumu wa afya wa jamii kwenye vijiji vitakavyoanza, na miwani ya kusomea. Tunaomba pia kanuni moja, na hii ndiyo tunayotegemea mtaibishia: majina ya wazee watakaosaidiwa yasiletwe na wanachama. Yaletwe na serikali za vijiji na viongozi wa dini, na mzee mwenye mtoto humu ukumbini asiwe wa kwanza kwenye orodha. Mzazi wako utaendelea kumtunza mwenyewe kama ulivyozoea. Fedha ya hapa iende kwa mzee ambaye hakuna anayemjua humu ndani.

Tumeshaambiwa pembeni kwamba kanuni hiyo itapunguza michango, kwamba mtu hutoa kwa uchungu wa damu yake. Inawezekana. Wazee wa rika walikula sahani moja bila kuulizana ukoo, na sisi tunapenda kujisifu kwa mila hizo tukiwa kwenye harusi. Mjadili, mpige kura, kamati itafuata mtakaloamua.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki, na mhazini amekaa meza ya mlangoni na stakabadhi. Mwenye kuweza kutoa kila mwezi hata kidogo atatusaidia kuliko anayetoa kikubwa mara moja, kwa sababu vidonge vya presha ni vya kila siku.

Yule bibi wa Butiama jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, baada ya mwanachama mmoja aliyekuwa likizo kumpakia kwenye gari lake. Bandeji ilipofunguliwa alimwangalia mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe umekuwa mrefu hivi." Miadi ya jicho la pili ni mwezi ujao. Nauli ipo. Msindikizaji bado hajapatikana, na mwenye ndugu anayeishi karibu na barabara ya Butiama tunaomba atuone kabla ya chakula.